Sumu Mbili Katika Maji: Kwa Nini Tusichanganye Dawa za Wadudu

Unapokwenda kununua samaki Darajani, au pwani ya kijijini kwako ngalawa zinaporudi, unaanza kwa kufanya nini? Unalifunua shavu la samaki. Likiwa jekundu, unajua samaki ni mpya. Likiwa limefifia, unamwacha. Kwa hiyo shavu la samaki unalijua vizuri.

Leo tutalitazama shavu hilo kwa sababu nyingine. Tutaeleza jinsi dawa za wadudu zinavyoingia katika maji, zinavyopita katika shavu la samaki, na zinavyoharibu mwili wake kwa ndani. Pia tutaeleza jambo ambalo wakulima wengi hawajaambiwa. Dawa mbili zikikutana zinaweza kudhuru zaidi kuliko tunavyotazamia tukihesabu madhara ya kila moja peke yake.

Habari hii inamhusu anayelima, anayevua na anayepika. Isome polepole. Kama uko katika kikundi cha kusoma, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize.

DAWA AU SUMU?

Sisi tunasema "dawa ya wadudu". Neno dawa ni zuri. Dawa humponya mgonjwa. Lakini kitu kilicho ndani ya chupa ile hakiponyi. Kinaua. Vitabu vya kilimo huviita vitu hivyo viuatilifu, maana yake ni vitu vya kuua wadudu, ukungu au magugu. Kwa lugha yetu ya kila siku, ni sumu.

Hatusemi kwamba sumu hizi hazina faida. Mkulima wa tungule anajua hasara ya wadudu na ukungu. Vyandarua vilivyotiwa dawa vimesaidia sana kupunguza malaria Unguja na Pemba. Hata hivyo, sumu haimjui mwenyewe. Iliyowekwa kwa ajili ya mdudu inaweza kumuua samaki, na inaweza kumdhuru mtu.

Tutoe mfano. Mkulima ana matuta ya tungule karibu na mto. Majani yana wadudu, tena yana ukungu. Amenunua dawa ya wadudu na dawa ya ukungu. Jirani yake anamwambia, "Hata hii yangu iliyobaki, tia humo humo. Zote zitafanya kazi pamoja." Anatia dawa tatu katika bomba moja la mgongoni. Anapulizia mara moja tu, na amepunguza kazi. Jioni anaosha bomba mtoni. Usiku mvua ya masika inanyesha.

Je, mkulima huyu amekosea wapi? Tuyafuate maji.

MAJI YA UNGUJA YANAKWENDA WAPI?

Kisiwa chetu si kikubwa. Kutoka shambani hadi baharini si mwendo mrefu. Mvua inayonyesha katika mashamba ya Mahonda huteremka kwenye bonde mpaka ghuba ya Makoba. Huko Makoba, Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1978, ilijaribu ufugaji wa samaki katika mabwawa ya maji ya bahari. Samaki kama mwatiko wakaa katika maji ambayo jirani yake ni mashamba. Vivyo hivyo bonde la mpunga la Cheju haliko mbali na ghuba ya Chwaka na mikoko yake.

Tena kuna jambo jingine. Sehemu kubwa ya Unguja ni mawe ya matumbawe. Mawe hayo yana matundu na nyufa. Ipo mito yetu ambayo hutiririka kidogo juu ya ardhi, kisha huzama chini ya mawe. Maji hayo hayajapotea. Yako chini. Ndiyo tunayoyachota katika visima. Katika vijiji vya upande wa mawe, watu wamechota maji katika mapango tangu enzi za mababu.

Udongo mzito huchuja maji polepole. Mwamba wenye matundu hauchuji hivyo. Maji huteremka upesi, na kilichomo ndani yake huteremka nayo. Kwa hiyo sumu iliyomwagwa juu ya ardhi inaweza kufika katika mambo mawili tunayoyategemea sana, yaani samaki na maji ya kunywa.

SHAVU LA SAMAKI NA CHEMBE ZAKE

Sisi tunavuta hewa kwa mapafu. Samaki hupata hewa kutoka katika maji. Hunywa maji kwa kinywa na kuyatoa kwa mashavu. Katika vitabu vya skuli mashavu haya huitwa matamvua. Ni mekundu kwa sababu damu iko karibu sana na ngozi, na ngozi yenyewe ni nyembamba mno. Ni lazima iwe nyembamba ili hewa iliyomo majini, iitwayo oksijeni, ipite na kuingia katika damu.

Lakini mlango ulio wazi kwa rafiki uko wazi kwa mwizi pia. Sumu iliyomo majini nayo hupita hapo hapo. Samaki hawezi kuacha kupitisha maji katika mashavu yake. Akiacha, anakufa. Kwa hiyo mchana na usiku huipitisha sumu mwilini mwake.

Sasa tuingie ndani zaidi. Mwili wa kila kiumbe umejengwa kwa vitu vidogo sana vilivyo hai. Huwezi kuviona kwa macho matupu. Vinaonekana kwa darubini. Vitu hivyo huitwa chembe hai, au seli. Kama nyumba ilivyojengwa kwa mawe mengi, ndivyo mwili ulivyojengwa kwa chembe nyingi. Lakini jiwe halifanyi kazi, na chembe hufanya kazi. Kila chembe inakula, inatumia oksijeni, inatoa taka, na inajikinga. Chembe zikifa chache, mwili hutengeneza nyingine. Zikifa nyingi kwa pamoja, mwili wote unakufa.

SUMU HUFANYA NINI NDANI YA CHEMBE?

Sumu zote haziui kwa njia moja. Tutazame tano.

Kwanza, utupa. Wazee wa pwani wanaujua mmea huu. Ulitwangwa na kutiwa katika madimbwi ya maji kupwa. Samaki wakaelea tumbo juu. Wengi walidhani utupa unawalevya tu. Sivyo. Mmea huu una sumu inayozuia chembe zisitumie oksijeni. Maji yana hewa, na damu ina hewa, lakini chembe haziwezi kuitumia. Ni kama mtu mwenye kuni, mwenye chungu na mchele, lakini moto hauwaki. Samaki anakufa kwa kukosa hewa huku hewa imemzunguka.

Pili, sumu za jamii ya malathioni na diazinoni. Hizi hushika mishipa ya fahamu. Mshipa mmoja unapotaka kuuambia mwingine jambo, hutoa kitu kidogo cha kupeleka habari. Habari ikishafika, mfanyakazi mwingine wa mwili hukifagia kitu kile ili mshipa utulie. Wafanyakazi wa aina hii huitwa vimeng'enya. Sumu hizi humfunga mfagiaji. Habari zinarundikana. Samaki anatetemeka, anazunguka ovyo, kisha misuli inachoka na anashindwa kupumua.

Tatu, sumu za jamii ya pareto. Pareto ni ua linalolimwa katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania Bara. Viwanda vimetengeneza sumu zinazofanana na ile ya ua hili, nazo hutiwa katika vyandarua na katika dawa nyingi za mashambani. Mishipa ya fahamu ina milango midogo inayofunguka na kufungika. Sumu hizi huiacha milango hiyo wazi. Mtu na mbuzi huzivunja sumu hizi upesi mwilini. Samaki hawezi kuzivunja upesi hivyo. Katika vipimo vya maabara, baadhi ya sumu hizi zimeua samaki wa aina kadhaa zikiwa kiasi kinacholingana na gramu 1 katika lita milioni 1 za maji. Lita milioni 1 ni bwawa lenye urefu wa mita 50, upana wa mita 20 na kina cha mita 1. Gramu 1 ni chini ya kijiko kidogo cha chai.

Nne, mrututu. Huu hutumiwa kuzuia ukungu wa majani. Una madini ya shaba. Ukizidi katika maji, huharibu chembe za mashavu na kuvuruga chumvi ya mwili wa samaki. Mashavu hutoa ute mwingi na hewa haipiti vizuri.

Tano, DDT. Sumu hii ilitumika sana duniani, na hapa Zanzibar ilipuliziwa majumbani miaka ya 1960 kupambana na malaria. DDT haiozi upesi. Hukaa katika udongo miaka mingi na hujificha katika mafuta ya mwili. Samaki mdogo ana kidogo. Samaki mkubwa anayekula wadogo wengi hukusanya zaidi. Kwa mapatano yaliyofanywa Stockholm mwaka 2001, DDT hairuhusiwi tena mashambani. Imebakizwa kwa ajili ya kupambana na wadudu waenezao maradhi tu.

SUMU MBILI ZIKIKUTANA

Sasa tufike kwenye kiini cha habari yetu. Kwenye chupa ya dawa imeandikwa kipimo. Kipimo kile ni cha dawa ile peke yake. Lakini mto hauchagui. Hupokea dawa ya shamba la juu, dawa ya shamba la chini, na maji ya kufulia chandarua. Samaki hakutani na sumu moja. Hukutana na mchanganyiko.

Mchanganyiko unaweza kufanya kazi kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kujumlisha. Sumu mbili za jamii moja hufanya kazi ile ile. Moja imefunga nusu ya wafagiaji, nyingine inafunga wengine waliobaki. Kila moja peke yake haikuua. Zote mbili zimeua. Ni hesabu ya moja na moja ni mbili.

Njia ya pili ni kuzidishana. Hapa hesabu inaharibika. Moja na moja haziwi mbili, huwa tano au zaidi. Kwa nini? Tukumbuke kwamba mwili una walinzi. Katika ini na katika chembe nyingine kuna vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuvunja sumu na kuitoa nje. Sasa fikiri nyumba yenye mlinzi. Mwizi mmoja akija, mlinzi anamfukuza. Lakini wakija wawili, mmoja akamshika mlinzi mikono, mwingine anaingia ndani na kuchukua anachotaka. Ndivyo sumu mbili zinavyofanya. Ya kwanza inamfunga mlinzi. Ya pili inaua bila kizuizi.

Njia ya tatu ni kupunguzana. Dawa moja inaharibu nguvu za nyingine. Mkulima anapulizia na wadudu hawafi. Anadhani dawa ni kidogo, anaongeza. Amepoteza fedha, na ameongeza sumu katika ardhi.

Je, haya ni maneno tu? Sivyo. Yamepimwa. Mwaka 1957 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba malathioni ikitolewa kwa panya na mbwa pamoja na sumu nyingine ya jamii yake, madhara yake yalizidi sana jumla iliyotazamiwa.

Mwaka 2009 wataalamu wengine wa nchi hiyo hiyo walitoa matokeo ya jaribio juu ya samaki wachanga wa aina ya samoni. Walitumia sumu tano zinazoshika mishipa ya fahamu. Waliwaweka samaki katika maji yenye sumu moja, na wengine katika maji yenye sumu mbili mbili. Jozi nyingi zilileta madhara makubwa kuliko jumla. Malathioni pamoja na diazinoni iliua samaki kwa vipimo ambavyo vikiwa vya sumu moja peke yake havikuua.

Mfano mwingine uko nyumbani. Baadhi ya vyandarua vya siku hizi vimetiwa vitu viwili. Kimoja ni sumu ya jamii ya pareto. Cha pili huitwa PBO. Hiki cha pili hakikutiwa ili kuua mbu. Kimetiwa ili kumfunga yule mlinzi aliye ndani ya mwili wa mbu, kwa kuwa mbu wengi wamejifunza kuivunja sumu. Kwa mbu, jambo hili ni jema na linaokoa maisha yetu. Lakini ukikifua chandarua hicho mtoni, unampelekea samaki sumu pamoja na kitu cha kumfungia mlinzi wake.

WATAALAMU WANAJUAJE?

Huenda ukauliza, je, ni lazima kuua samaki wengi ili kujua? Zamani ndivyo ilivyokuwa. Siku hizi kuna njia nyingine. Wataalamu huchukua chembe za shavu la samaki na kuzikuza katika chupa maalumu, kwa maji yenye chakula. Chembe hizo huishi na kuzaana ndani ya chupa. Mwaka 1994 ilitangazwa jamii ya chembe zilizotoka katika shavu la samaki wa maji baridi aitwaye trauti. Chembe hizo zimeendelea kukuzwa katika maabara nyingi duniani.

Mtaalamu hutia sumu katika chupa ya kwanza, sumu nyingine katika chupa ya pili, na zote mbili katika chupa ya tatu. Baadaye hutia rangi. Chembe zilizo hai huibadili rangi hiyo. Zilizokufa haziibadili. Hivyo huhesabu ni ngapi zimekufa, na hulinganisha chupa ya tatu na zile mbili za kwanza. Mwaka 2021 kipimo hiki cha chembe za shavu kilikubaliwa na kuingizwa katika vipimo vya kimataifa vya sumu za majini.

"BAHARI NI KUBWA"

Watu wengine husema, "Bahari ni kubwa, sumu itapotea." Ni kweli bahari ni kubwa. Lakini sumu haianzii katika kilindi. Huanzia mtoni, kwenye vijito, katika mikoko na katika tope la ghuba. Huko ndiko samaki wengi wanakokulia. Samaki mchanga hana mwili wa kuhimili. Kamba na kaa ni jamii ya karibu ya wadudu, kwa hiyo sumu ya wadudu huwadhuru upesi zaidi. Sumu nyingi hushikamana na tope, na kaa huishi katika tope hilo hilo. Wanawake wanaokwenda pwani kuokota chaza hutembea humo humo.

Tujifunze kwa yaliyowapata wengine. Mwaka 1986 shehena ya dawa za wadudu kutoka Ugiriki ililetwa katika shamba la Vikuge, wilaya ya Kibaha, Mkoa wa Pwani. Baadhi ya dawa zilikuwa zimepita muda wake. DDT ilikuwamo. Ziliwekwa katika banda lisilo imara. Banda likaanguka, na mvua ikazinyeshea. Baadaye dawa ziliondolewa. Hata hivyo, wataalamu waliopima eneo hilo walitangaza mwaka 2004 kwamba uchafuzi ulikuwa bado mkubwa. Kuondoa magunia ni rahisi. Kuitoa sumu ardhini si rahisi.

Mfano wa pili ni wa Ziwa Victoria. Baadhi ya wavuvi walianza kuua samaki kwa sumu za mashambani. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hilo kutoka Kenya, Uganda na Tanzania. Viwanda vikakosa soko. Wavuvi waliokuwa wakivua kwa nyavu na ndoano kwa njia halali nao wakapata hasara. Wachache walitia sumu, na wengi wakalipa. Hapa kwetu pia sheria ya uvuvi inakataza kuvua kwa sumu, iwe ya dukani au ya mti.

JE, SISI WATU?

Chembe za samaki na chembe za mtu zimejengwa kwa namna inayofanana sana. Nasi tuna mishipa ya fahamu. Nasi tuna wale wafagiaji, na ini letu lina walinzi wale wale. Kwa hiyo samaki akielea, tusiseme tu kwamba kitoweo kimepungua. Ametupa habari kwamba katika maji hayo kuna kitu kinachoua chembe hai.

Anayepulizia mchanganyiko bila kinga huupata kwa ngozi na kwa pumzi. Watoto na mama wajawazito wako katika hatari zaidi, kwa sababu mwili wa mtoto bado unajengwa.

TUFANYE NINI?

1. Usichanganye dawa kwa kukisia. Changanya tu kama karatasi ya chupa imeruhusu, au kama bwana shamba au bibi shamba amekuelekeza. Kama hujui kuisoma vizuri karatasi hiyo, mwombe anayejua akusomee kabla hujafungua chupa.

2. Usinunue dawa isiyo na karatasi, au iliyomiminwa katika chupa ya soda au ya maji. Hujui ni nini. Huenda tayari imechanganywa.

3. Chungua kwanza. Pita matuta, hesabu wadudu. Wakiwa wachache, waokote kwa mkono. Palilia, ondoa majani yenye ugonjwa, na usipande tungule mahali pale pale kila msimu. Dawa iwe ya mwisho.

4. Usipulizie mvua inapokaribia, wala wakati wa upepo. Acha ukanda wa majani bila kulima kati ya shamba na mto. Majani hupunguza mwendo wa maji na kushika udongo wenye sumu.

5. Usioshe bomba mtoni, kisimani, pangoni wala pwani. Lioshee shambani. Maji ya kuoshea yapulizie juu ya mimea ile ile uliyoipulizia.

6. Chupa ikiisha, isuuze mara tatu na maji yake uyatie katika bomba. Kisha itoboe ili mtu asiitumie kuwekea maji au mafuta. Usiichome moto. Muulize bwana shamba pa kuipeleka.

7. Chandarua kifue nyumbani katika beseni, kwa sabuni ya kawaida, na ukianike kivulini. Maji yake yamwage chooni, au katika shimo lililo mbali na kisima na mto. Usikitumie kuvulia dagaa. Lakini usiache kulala ndani yake. Malaria bado ni adui.

8. Usidhani dawa ya miti haina madhara kwa sababu ni ya miti. Utupa nao ni mmea.

9. Ukiona samaki wengi wanaelea mahali pamoja, usiwaokote kula wala kuuza. Usitegemee kwamba kupika kutaondoa sumu. Zuia watoto na mifugo wasinywe maji hayo. Toa habari kwa sheha na kwa maofisa wa uvuvi na wa afya.

MTU AKIPATWA NA SUMU

Dalili ni kichwa kuuma, kutapika, tumbo kuuma, mate na jasho jingi, kutetemeka, mboni za macho kuwa ndogo, na pumzi kuwa ya shida. Mwondoe shambani. Mvue nguo zenye dawa. Mwoshe kwa maji mengi na sabuni, nawe ukijikinga mikono. Kama ameinywa, usimtapishe wala usimpe maziwa au mafuta. Mpeleke upesi kituo cha afya kilicho karibu. Chukua na chupa zote alizotumia, hata kama ni tatu. Daktari lazima ajue ni sumu gani na gani zilizochanganyika, kwa sababu matibabu hutegemea jambo hilo.

Ndugu msomaji, turudi kwa yule mkulima wetu. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka kuokoa tungule zake na kupunguza kazi. Hakuna aliyemwambia kwamba bomba lake moja lilibeba sumu tatu zinazoweza kusaidiana, na kwamba mto ungezichukua zote usiku ule ule. Sasa wewe umeambiwa. Mwambie na jirani yako kabla masika hayajaingia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Maji ya mvua yanayopita katika mashamba ya kijiji chetu yanakwenda wapi? Chora ramani chini ardhini mkionyesha mashamba, mto, visima na pwani.
2. Kwa nini samaki hawezi kuizuia sumu isiingie mwilini mwake?
3. Eleza kwa maneno yako maana ya sumu mbili "kuzidishana".
4. Ni wapi katika kijiji chetu watu huosha mabomba na kufua vyandarua? Tunaweza kuchagua mahali gani pengine?
5. Nani kijijini anaweza kutusaidia kusoma karatasi za chupa za dawa?

MANENO YA KUKUMBUKA

Chembe hai (seli): sehemu ndogo kabisa iliyo hai katika mwili.
Kimeng'enya: mfanyakazi mdogo ndani ya mwili anayevunja au kujenga vitu.
Kiuatilifu: sumu ya kuua wadudu, ukungu au magugu.
Matamvua: mashavu ya samaki, mahali anapopatia hewa.
Mabaki ya sumu: sumu inayobakia katika maji, udongo au chakula baada ya dawa kutumika.